Milinganyo mitatu, visivyojulikana viwili: programu moja inatoa jibu, nyingine inasema hakuna jibu. Nani mkweli?

#1 MpimajiBonde
Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu Jumanne, naomba wenye hesabu zao wanisaidie.

Ninapima vimo kwa ajili ya mfereji wa umwagiliaji. Nina alama moja ambayo kimo chake kinajulikana, tuiite K, na nukta mbili mpya, A na B. Nimepita na leveli, ile darubini ya kupimia tofauti za vimo, mara tatu:

K hadi A: napanda mita 2.341
A hadi B: napanda 1.118
K hadi B moja kwa moja: napanda 3.466

Jumlisha mbili za kwanza upate 3.459. Ya tatu inasema 3.466. Mzunguko haufungi kwa milimita 7. Kwa hiyo nina milinganyo 3 na visivyojulikana 2, na hakuna A na B zitakazoiridhisha yote mitatu kwa pamoja.

Ofisini tunatumia list skwea, yaani unatafuta A na B ambazo ukichukua masalio ya kila mlinganyo (tofauti kati ya kipimo na kile jibu linachotoa), ukayapiga kipeo cha pili na kuyajumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko kwa jibu lingine lolote. Inanipa A = 2.3433 na B = 3.4637.

Nikasoma habari ya hesabu za intavali. Kipimo hukiandiki kama namba moja, unakiandikia mipaka miwili, wa chini na wa juu, na kompyuta inaibeba hiyo mipaka hadi mwisho wa hesabu. Nikakipa kila kipimo kuongeza na kutoa milimita 2. Programu ikanijibu: seti tupu.

Sasa mmoja ananipa jibu lenye desimali nne, mwingine anasema jibu halipo kabisa. Vipimo ni vilevile. Nimwamini nani?

#2 Kinyozi wa Mbezi
Mimi si mtu wa fani hii ila swali limenikamata. Nasubiri hapa.

#3 Mwalimu wa Chaki
Ndugu MpimajiBonde, wote wawili ni wakweli. Umewauliza maswali mawili tofauti.

Intavali umeiuliza: je, zipo A na B ambazo zinakubaliana na vipimo vyote vitatu, kila kimoja ndani ya mipaka yake? Fanya kwa mkono uone. K hadi A ni kati ya 2.339 na 2.343. A hadi B ni kati ya 1.116 na 1.120. Jumla yake ni kati ya 3.455 na 3.463. Lakini kipimo cha moja kwa moja kinasema B iko kati ya 3.464 na 3.468. Hayo mafungu mawili hayagusani, kuna uwazi wa milimita 1 katikati. Kwa hiyo "seti tupu" si hitilafu ya programu, ni ukweli kuhusu vipimo vyako.

List skwea hujaiuliza hilo. Umeiuliza: A na B zipi zinakosana na vipimo vyangu kwa uchache zaidi? Swali hilo lina jibu daima, hata ukiiletea vipimo vya mlima badala ya mfereji.

#4 MpimajiBonde
Ahsante Mwalimu. Kwa hiyo nikipanua mipaka nitapata jibu?

#5 Mwalimu wa Chaki
Utapata. Weka milimita 3. A hadi B inakuwa 1.115 hadi 1.121, A yenyewe 2.338 hadi 2.344, jumla 3.453 hadi 3.465. Cha moja kwa moja kinakuwa 3.463 hadi 3.469. Vinakutana kati ya 3.463 na 3.465, hapo ndipo B ilipo. Ukirudi nyuma, A nayo inabanwa kati ya 2.342 na 2.344.

Angalia jambo hili kwa makini: uliingia na mipaka yenye upana wa milimita 6, umetoka na upana wa milimita 2. Mlinganyo wa ziada ndio umefanya kazi hiyo. Watu wanauona mlinganyo wa tatu kama kero kwa sababu unagombana na wenzake, kumbe ndio shahidi wako.

Na mpaka wenyewe ambapo mlango unafunguka ni 7 gawanya kwa 3, yaani milimita 2.33 na ushee. Chini ya hapo tupu, juu ya hapo kuna jibu.

#6 Takwimu Dada
Mwalimu nakuheshimu, lakini hapo hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa intavali. Hiyo milimita 2 imetoka wapi? Nani kaithibitisha? Makosa ya upimaji hayana ukuta. Mengi yanajikusanya karibu na sifuri, machache yanakwenda mbali, na ukipima mara nyingi lazima siku moja upate la milimita 4. Ukijenga ukuta kwenye milimita 2 halafu programu ikakuambia "tupu", ulichogundua ni kwamba ukuta wako ulikuwa mahali pabaya. List skwea haijengi ukuta, ndiyo maana imedumu tangu mwanahisabati Mjerumani Gauss alipoibuni mwaka 1809.

#7 Pwani Moja
Dada Takwimu, marekebisho kidogo. Aliyeichapisha wa kwanza ni Mfaransa Legendre, mwaka 1805. Gauss alichapisha 1809 akadai alikuwa akiitumia tangu 1795, na Legendre hakufurahi hata kidogo. Ila Gauss ana sifa yake: sayari ndogo ya Ceres iliyoonwa na Piazzi tarehe 1 Januari 1801 ikapotea nyuma ya mwanga wa jua, yeye alikokotoa njia yake kutokana na vipimo vichache vilivyokuwepo, na mwisho wa mwaka huohuo ikaonekana tena karibu na pale aliposema.

#8 Takwimu Dada
Nimepokea, 1805 ni Legendre. Hoja ya ukuta bado imesimama.

#9 Kodi Usiku
Nyote mnazungumza kana kwamba kompyuta yenyewe ni msafi. Kompyuta haiwezi kuandika hata 0.1 kwa ukamilifu, kwa sababu inahesabu kwa sifuri na moja na desimali hiyo haiishi. Kila hatua inakata kidogo.

Mfano wa kutisha kwenye milinganyo iliyozidi ni huu. Milinganyo mitatu, visivyojulikana viwili, mistari ya matriksi (jedwali la namba zinazozidisha visivyojulikana) ni:

1 1
e 0
0 e

ambapo e ni 0.00000001. Njia ya list skwea inayofundishwa darasani inasema uigeuze matriksi, mistari iwe nguzo, uizidishe kwa ile ya awali, upate mfumo wa mraba wa 2 kwa 2. Kwenye ulalo unapata 1 jumlisha e kipeo cha pili. Fungua Python sasa hivi uandike 1 + 1e-16. Itakujibu 1.0. Kipande kile kidogo kimemezwa, matriksi imebaki moja tupu kila kona, haina kinyume, na programu inasema mfumo hautatuliki au inakupa takataka. Kumbe milinganyo ya awali haikuwa na tatizo lolote, nguzo zake mbili ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana watu makini wameachana na njia hiyo, wanatumia mgawanyo wa QR, unaoivunja matriksi yenyewe vipande viwili bila kuizidisha hivyo, kama alivyoonyesha mwanahisabati Golub mwaka 1965. Na ndiyo maana intavali zinahitajika: sio kwa ajili ya stafu yako, ile fimbo yenye vipimo unayoisoma kwa leveli, kwa ajili ya kompyuta yako.

#10 Muskati
Kodi umenikumbusha mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora kule Dhahran, Saudia, tarehe 25 Februari 1991. Saa ya mfumo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo sehemu ya kumi ilihifadhiwa kwa biti 24 tu. Mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, kosa likafika karibu theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud halikuzuiwa na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Kazini huku tunaoneshwa mfano huo kila mwaka.

#11 Mwalimu wa Chaki
Mifano yote miwili ni ya kweli na ni mizito. Ila kwa mfereji wa ndugu yetu haihusiki. Matriksi yake ikigeuzwa na kuzidishwa inatoa 2, -1, -1, 2. Hakuna kinachomezwa pale. Uwazi wake ni milimita nzima, na kompyuta inakosea kwenye desimali ya kumi na tano. Tusimpe mgonjwa wa goti dawa ya jino.

#12 Kodi Usiku
Leo ana nukta mbili. Akiwa na mia mbili, na nyingine ziko mbali mbali? Mazoea ya leo ndiyo programu ya kesho, Mwalimu.

Na msidhani ukiongeza desimali umepona. Siegfried Rump wa Hamburg mwaka 1988 alionyesha fomula moja ndefu ambayo ukiweka x = 77617 na y = 33096, kompyuta aliyoitumia ilitoa 1.1726 na kitu kwa usahihi wa kawaida, wa mara mbili, na hata wa juu zaidi. Zote zikikubaliana mwanzoni mwa namba! Jibu la kweli ni -0.8274 hivi. Hata alama ya mbele imekosewa. Makubaliano si uthibitisho.

#13 MwanafunziMwaka3
Shikamooni. Mimi nimejaribu kazi ya MpimajiBonde kwa intavali, ila nimetafuta list skwea yenyewe badala ya makutano. Nimepata kitu cha ajabu. Kwa milimita 2 nimepata A = 2.3433 kuongeza na kutoa milimita 4! Kipimo kilikuwa na shaka ya 2, jibu limetoka na shaka ya 4. Intavali zinaharibu badala ya kusaidia?

#14 Pwani Moja
Marahaba. Weka fomula uliyotumia.

#15 MwanafunziMwaka3
h1, h2 na h3 ni vile vipimo vitatu vya #1 kwa mpangilio wake. A = h1 + (h3 − h1 − h2)/3. Yaani nachukua kipimo cha kwanza naongeza theluthi ya kutofunga.

#16 Pwani Moja
Umeshikwa pabaya, na kila anayeanza anashikwa hapo. h1 umeiandika mara mbili. Intavali haina kumbukumbu, haijui kwamba hizo h1 mbili ni mtu mmoja. Pale mbele inamchukua akiwa juu kabisa, ndani ya mabano inamchukua akiwa chini kabisa, kwa wakati mmoja. Hilo haliwezi kutokea shambani.

Fungua mabano: A = (2h1 − h2 + h3)/3. Sasa kila kipimo kimetajwa mara moja. Shaka ni 2 mara (2 + 1 + 1) gawanya kwa 3, milimita 2.67. Fomula ni ileile kwa karatasi, lakini kwa intavali moja inasema 4 na nyingine inasema 2.67, na hiyo 2.67 ndiyo halisi.

Na hata ukipitia njia ya kugeuza na kuzidisha ambayo Kodi ameiponda, utapata 4 tena. Kwa nini? Upande wa kulia unakuwa na h1 − h2 mstari wa kwanza na h2 + h3 mstari wa pili. h2 imegawanyika sehemu mbili, imeshasahaulika kwamba ni moja.

#17 MwanafunziMwaka3
Nimefanya tena. 2.67 kweli. Nimeelewa kuliko muhula mzima.

#18 Pwani Moja
Ndiyo maana programu nzuri za intavali kama INTLAB, ambayo aliitengeneza huyohuyo Rump aliyetajwa #12, zina njia ya kushughulikia milinganyo iliyozidi bila kukuachia uizidishe mwenyewe. Wazo mojawapo ni kuyafanya masalio nayo yawe visivyojulikana. Badala ya milinganyo 3 na visivyojulikana 2, unatatua mfumo wa mraba wa 5 kwa 5, na kila kipimo kinakaa upande wa kulia mara moja tu. Mfumo umekuwa mkubwa, lakini hakuna kilichosahaulika. Kisha unauzidisha kwa kinyume cha kukadiria, na intavali zinakuja kuhakikisha kwamba jibu la kweli halitoki nje ya mipaka.

#19 Kodi Usiku
Nami niongeze ushuhuda. Niliwahi kuandika mwenyewe njia ya Gauss ya kuondoa kigeu kimoja kimoja, nikaweka intavali kila mahali. Mfumo wa visivyojulikana vitatu, ulienda vizuri. Kumi, mipaka ikaanza kuvimba. Ishirini, intavali ya kugawia ikawa na sifuri ndani yake na programu ikasimama. Niliitazama skrini usiku ule nikaona upana wa jibu ni mkubwa kuliko nchi. Kubadilisha namba kuwa intavali hakutoshi, lazima ubadilishe na njia.

#20 Mzee Stafu
Nimesoma yote kwa utulivu. Nimeshika leveli miaka thelathini na moja. Kijana MpimajiBonde, umbali ni kiasi gani?

#21 MpimajiBonde
Shikamoo mzee. K hadi A mita 300, A hadi B mita 200, K hadi B mita 400.

#22 Mzee Stafu
Marahaba. Mzunguko wako ni mita 900. Kanuni tuliyolelewa nayo kwa kazi za kawaida ni milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilometa. Hapo unapata zaidi ya milimita 11. Saba inapita bila maneno. Milimita 2 ulizojiwekea ndizo zilizokuwa kali.

Pia kwa nini K hadi B ya mita 400 uipe shaka sawa na A hadi B ya mita 200? Mwenye safari ndefu hukosea zaidi. Ukigawa ile saba kwa urefu, mita 300 inabeba 2.33, mita 200 inabeba 1.56, mita 400 inabeba 3.11.

Na sasa niulize la shambani. Stafu ulipoihamisha, ilikaa juu ya nini? Saa ngapi? Leveli ulikaa katikati ya stafu mbili au ulikaa karibu na moja?

#23 MpimajiBonde
Mzee umenigusa. K hadi B nilipima saa saba mchana, jua kali. Ile nukta ya kugeuzia katikati, ambako stafu hubaki leveli ikihamishwa, haikuwa na kibao cha chuma, msaidizi aliiweka stafu juu ya udongo uliomwagiliwa jana yake. Nilimwona akiinyanyua kidogo kujipangusa jasho halafu akairudisha. Nilidhani ameirudisha palepale.

#24 Mzee Stafu
Stafu ikizama kati ya kusoma mbele na kusoma nyuma, unaiongezea safari kupanda ambako hakupo. Kipimo chako cha K hadi B ndicho kikubwa kuliko wenzake. Sisemi zaidi.

#25 Takwimu Dada
Mzee amesema vizuri kuliko sisi wote. Ila tuwe waangalifu. Kwa milinganyo 3 na visivyojulikana 2 una ziada ya mmoja tu. Hesabu inaweza kukuambia kuna ugomvi, haiwezi kukuambia nani mkosaji. Ukiondoa mlinganyo wowote, wawili wanaobaki wanapatana kabisa. Wote watatu wana kesi sawa.

#26 Pwani Moja
Hiyo ni kweli, na intavali inaionyesha wazi. Kuna njia ya Wacheki wawili, Horáček na Hladík: unachukua mifumo midogo ya mraba kutoka kwenye mfumo mkubwa, unatatua kila mmoja, kisha unakata makutano. Hapa ipo mitatu. Wa kwanza na wa pili: A ni 2.339 hadi 2.343. Wa kwanza na wa tatu: vilevile. Wa pili na wa tatu: A ni 2.344 hadi 2.352. Makutano hakuna. Lakini huwezi kusema ni yupi kati yao kaleta balaa.

Tahadhari kwa wanaotaka kuikimbilia kwa mfumo mkubwa: milinganyo 30 na visivyojulikana 10 ina mifumo midogo 30,045,015. Unachagua michache, huimalizi.

#27 Kinyozi wa Mbezi
Milioni thelathini kutoka kwenye milinganyo thelathini? Nimesimamisha mashine ya kunyoa, mteja ananitazama.

#28 Mwalimu wa Chaki
Mnyoe kwanza mteja, uzi haukimbii. Ila una haki ya kushangaa. Mwanahisabati Jiří Rohn na wenzake walishathibitisha kwamba, ikiwa shaka iko ndani ya matriksi yenyewe, kuamua kama mfumo wa intavali una jibu ni tatizo gumu kabisa kwa jumla. Hakuna njia ya haraka inayojulikana.

Ila kwenye leveli tuna neema. Upande wa kushoto kuna 1, -1 na 0 tu, hazina shaka yoyote. Shaka yote iko kulia, kwenye vipimo. Hapo swali linageuka kuwa la mipaka ya mstari, aina ambayo kompyuta hutatua kwa maelfu ya nukta bila jasho.

#29 Muskati
Nitoke nje kidogo. Kilimanjaro tulifundishwa 5,895, na vipimo vya GPS vya mwaka 1999 vikatoa 5,892. Hii nayo ni habari ya intavali?

#30 Mzee Stafu
Ile 5,895 ni ya mwaka 1952. Tofauti hiyo msiitupie kompyuta. Vyombo tofauti, na usawa wa bahari unaoanzia kupimia ni suala zito lenye uzi wake. Fungua uzi mwingine nitakuja.

#31 MpimajiBonde
Wakuu, nimerudi. Leo saa moja asubuhi nimepima tena K hadi B, na kibao cha chuma, leveli katikati kila mara. Nimepata 3.463. Kwa milimita 2 ni 3.461 hadi 3.465. Inakutana na ile jumla, B kati ya 3.461 na 3.463. Seti si tupu tena!

#32 Takwimu Dada
Hongera. Ile 3.466 umeipeleka wapi?

#33 MpimajiBonde
Nimeifuta, kwa sababu ya stafu iliyonyanyuliwa.

#34 Takwimu Dada
Ungesema umeifuta kabla ya kujua jibu la leo, ningekubali kirahisi. Iweke tena uone. Milinganyo 4 sasa. Cha awali 3.464 hadi 3.468, cha leo 3.461 hadi 3.465, hivyo viwili vinapatana kati ya 3.464 na 3.465. Kila kimoja peke yake hakina ubaya kwa mwenzake. Lakini ile jumla inaishia 3.463. Tupu tena. List skwea ya vipimo vyote vinne, kwa uzito sawa, inatoa A = 2.3432 na B = 3.4634. A imesogea sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana mimi silali nje ya nyumba hii.

#35 Pwani Moja
Na mimi nasema kinyume, dada. A iliyosogea kidogo hivyo inakuficha kwamba kipimo cha awali kina kasoro. List skwea imegawa kosa la msaidizi mmoja kwa nukta zote, kimya kimya. Intavali imepiga kelele, na kelele ndiyo iliyompeleka shambani saa moja asubuhi.

#36 Kodi Usiku
Na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia programu yake inakata namba kuelekea nje (mpaka wa chini ushuke, wa juu upande) au inakata popote. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, cha hesabu za desimali kwenye kompyuta, kilizipa kompyuta uwezo wa kukata kwenda chini au kwenda juu kwa hiari, na kile cha intavali, 1788, kimetoka 2015. MpimajiBonde, programu yako inatumia hiyo au ni mtu kajiandikia?

#37 MpimajiBonde
Nimejiandikia mwenyewe, mkuu. Inakata popote.

#38 Mzee Stafu
Kesho pima A hadi B tena, asubuhi ileile, kibao kilekile. Kipimo hicho bado hakijaulizwa na mtu humu.

#39 MpimajiBonde
Nakwenda mzee. Na namba ya awali nimeirudisha kwenye daftari, nimeandika pembeni yake "udongo wenye maji, stafu ilinyanyuliwa". Nitaleta namba.